Skwati imegota kilo 90: ushushe uzito, upunguze repsi, uongeze repsi au ugawe wiki?

Umeanza skwati (kuchuchumaa na kusimama ukiwa na chuma mabegani) na chuma kitupu cha kilo 20, ukaambiwa seti 3 za repsi 5 (yani marudio matano, unapumzika, mizunguko mitatu), siku tatu kwa wiki, kila ukirudi ongeza kilo 2.5, na kweli miezi ya mwanzo ikawa inapanda tu, leo 50 wiki ijayo 57.5, mpaka ukazoea kwamba ndo ilivyo. Halafu siku moja seti ya tatu inaishia repsi ya nne. Unarudi siku inayofuata na kilo zilezile, inaishia ya tatu. Hapo jimu nzima inageuka makocha, mmoja anakwambia shusha asilimia kumi uanze kupanda upya, mwingine anasema achana na tano tano piga tatu tatu, yule mwenye kifua kikubwa anasema nane nane ndo mpango, na kuna anayesema hiyo programu imeshakwisha hamia ya wiki, yani kila siku ya wiki na uzito wake. Kwa kweli kila mmoja anaweza kuwa sahihi, ila kwa mtu tofauti, na ndo maana nataka tuziweke hizi njia pembeni kwa pembeni kwa mtu mmoja yuleyule ili uone kila moja inakupa nini na inakudai nini.

Tumchukue kijana wa kilo 72, skwati imegoma kwenye kilo 90, seti ya kwanza 5, ya pili 4, ya tatu 3, na imetokea hivyo mara tatu mfululizo. Kumbuka hilo la mara tatu. Siku moja mbaya sio kugota, unaweza ukawa hujalala, jua lilikuwa kali, au mchana ulikula chapati moja na chai tu. Kugota ni pale unaporudi umelala, umekula, umepumzika, na chuma bado hakisogei.

Na kabla hujagusa seti wala repsi angalia saa yako kwanza. Watu wengi wanapumzika dakika moja na nusu kati ya seti kwa sababu ndivyo walivyofanya kilo zikiwa 50, sasa kilo ni 90 na bado dakika moja na nusu, hapo seti ya tatu itaachaje kufa? Kwa seti nzito za tano pumzika dakika 3 mpaka 5, bila aibu, hata kama kuna mtu anakuangalia anasubiri raki (ile fremu ya kuwekea chuma). Wapo wanaokwamuka kwa hilo peke yake. Chakula pia, mtu wa kilo 72 anayetaka nguvu alenge kama gramu 115 za protini kwa siku (ni kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili), na yai moja lina kama gramu 6 tu, kwa hiyo mayai mawili asubuhi halafu ugali na mchicha usiku hayafiki hata nusu ya safari. Maharage, dagaa, samaki, maziwa, kuku pale mfuko unaporuhusu, na usiogope wali.

Ukishayaweka sawa hayo na bado imegota, basi kuna swali moja la kujiuliza ambalo ndo linaamua kila kitu huku chini: umekwama kwa sababu umechoka, au umekwama kwa sababu kazi unayoufanyisha mwili haitoshi tena kuulazimisha ukue? Dalili zinatofautiana. Aliyechoka unakuta skwati, benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) na dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini) zote zimelala kwa wakati mmoja, magoti yanalalamika, usingizi umevurugika, hata zile kilo za kupashia misuli zinahisi nzito, na mara nyingi kuna kazi nyingine pembeni, anacheza mpira Jumamosi na Jumapili au mchana anabeba zege kwenye ujenzi. Ambaye kazi haimtoshi unakuta anajisikia freshi kabisa, seti ya kwanza inaruka, ana hamu ya mazoezi, ila kilo hazipandi. Hawa wawili ukiwapa dawa moja, mmoja wao utamharibu.

Sasa njia ya kwanza, kushusha. Unatoa asilimia 10, kilo 90 zinakuwa kama 80, unabaki na seti 3 za repsi 5, unapanda 2.5 kila ukiingia. Hesabu yake ni nyepesi: 80, 82.5, 85, 87.5, 90, 92.5, yani kwa siku tatu za wiki unachukua wiki mbili kuvuka pale ulipokwama. Uzuri wake ni kwamba uchovu unashuka bila wewe kuacha mazoezi, na zile siku nyepesi unapata nafasi ya kurekebisha staili, kushuka vizuri, magoti yasiingie ndani, mgongo ukae. Kwa aliyechoka hii ndo ya kuanza nayo, sina wasiwasi kabisa. Ubaya wake ni kwamba kwa yule mwingine, ambaye hajachoka, utakuwa umempotezea wiki mbili kumrudisha palepale, kwa sababu kilo 80 alishazishinda, hazimfundishi kitu kipya. Na hapa nasema kwa msisitizo, shusha mara moja, labda mara mbili kwa zoezi moja, basi. Nimeona watu wanashusha mara ya tatu, ya nne, mwaka mzima wanazunguka kati ya 80 na 90, wanaita uvumilivu, wakati programu ilishawaambia zamani kwamba imeisha.

Ukiiweka hiyo pembeni na njia ya pili, kupunguza repsi, tofauti inaonekana haraka. Hapa hushushi kilo, unaenda mbele na 92.5 ila badala ya seti 3 za repsi 5 unapiga seti 5 za repsi 3. Zidisha uone: mwanzo ilikuwa repsi 15 mara 90, kilo 1,350. Sasa ni repsi 15 zilezile mara 92.5, kilo 1,387.5. Kazi haijapungua hata kidogo, imeongezeka, lakini hakuna hata seti moja inayokufikisha pale pa kufa, kwa sababu unaweka chuma chini kabla ya repsi ya nne na ya tano ambazo ndo zilikuwa zinagoma. Kuna jedwali maarufu la Prilepin, kocha wa Kisovieti aliyechambua mazoezi ya wanyanyuaji wa Olimpiki, na kwa uzito wa asilimia 80 mpaka 90 ya ule unaoweza kunyanyua mara moja, linakaa kwenye repsi 2 mpaka 4 kwa seti, jumla kama 15. Kijana wetu kwa hesabu ya kukadiria mara moja anaweza kama kilo 105, kwa hiyo 92.5 ni asilimia 88, anaingia humohumo. Jedwali lile lilitoka kwenye unyanyuaji wa Olimpiki, sio skwati, kwa hiyo lichukue kama dira tu.

Faida ya tatu tatu ni kwamba unaendelea kuongeza kila siku ya mazoezi, mtu anaweza akaongeza wiki kadhaa zaidi hivyo, na ile tabia ya kushinda kilo mpya haifi. Gharama yake ni muda, seti 5 na mapumziko ya dakika 4 ni kama dakika ishirini kwenye zoezi moja tu, na kama jimu yenu ina raki moja na unaenda saa kumi na moja jioni pale watu wanapotoka kazini, utaelewana vibaya na wenzako. Gharama nyingine haionekani haraka: unazoea kuwa hodari wa repsi chache lakini mwili hauongezeki sana, kwa hiyo ikigota tena huko mbele inagota kwelikweli. Na kwa mtu aliyechoka hii njia ni mbaya, unamwongezea uzito mtu ambaye tayari magoti yanamuuma.

Kuna ya katikati ambayo naipenda sana na watu hawaiongelei: seti moja nzito halafu mbili nyepesi. Unapiga seti 1 ya repsi 5 kwa 92.5 ukiwa bado mbichi, kisha unashuka mpaka 82.5 unapiga seti 2 za tano. Jumla inakuwa kilo 1,287.5, chini kidogo ya ile ya mwanzo, lakini kila siku umegusa uzito mpya. Huyu kijana si seti yake ya kwanza ilikuwa inafika 5 vizuri? Basi nguvu ya kilo 90 anayo, kilichomshinda ni kuirudia mara tatu. Kwa mtu ambaye daftari lake linaonyesha 5, 4, 3 hii inamkaa vizuri kuliko zote. Ila kama daftari linaonyesha 4, 4, 3, yani hata seti ya kwanza haifiki, usiiguse, hapo rudi kwenye kushusha.

Njia ya tatu ni ya yule mwenye kifua, kuongeza repsi. Unashuka mpaka kilo 80, unaanza na seti 3 za repsi 6, kilo zinabaki palepale ila kila wiki unatafuta repsi ya ziada, 6 6 6 zinakuwa 7 7 6, zinakuwa 8 7 7, ukifika 8 8 8 ndo unaongeza kilo. Mwanzoni jumla ni kilo 1,440, mwishoni ni 1,920, hiyo ni kazi nyingi kweli kuliko ile 1,350. Huyu ambaye kazi haimtoshi hapa anapata kitu, na kama ni mwembamba, mtu wa futi sita na kilo 62, mimi ningempeleka huku kabla ya popote, kwa sababu miezi ya mwanzo sehemu kubwa ya nguvu mpya inatokana na mishipa ya fahamu kujifunza kuiita misuli uliyonayo, ikishajifunza inabidi misuli yenyewe iongezeke, na misuli inataka kazi na chakula. Hapo kwenye chakula ndo pagumu. Nane nane bila kula ni mateso tu, unaumwa mapaja wiki nzima na hakuna kinachobaki. Tena skwati ya repsi 8 inakata pumzi kabla miguu haijachoka, repsi ya saba mgongo unaanza kujikunja, kwa hiyo kama staili yako bado inayumba subiri kwanza.

Kitu kingine, ukiwa kwenye nane nane kilo za juu zitashuka kidogo kwa muda, usiogope. Wiki sita mpaka nane halafu unarudi kwenye tano, na siku chache za mwanzo 90 itakuwa ngeni mgongoni.

Njia ya nne, kugawa wiki, ni kubwa kuliko hizo tatu kwa sababu haibadilishi seti tu, inabadilisha mategemeo yako. Mpaka sasa ulikuwa unaamini kwamba siku mbili zinatosha mwili kupona na kuwa na nguvu zaidi. Kwa anayeanza ni kweli. Lakini kadiri kilo zinavyopanda ndo zoezi moja linakuchosha zaidi, inafika mahali siku mbili hazitoshi kupona, na ukisema upunguze zoezi ili upone basi halitoshi kukuza. Suluhisho ni kuzipa siku kazi tofauti. Bill Starr, kocha wa Marekani aliyefundisha wachezaji wa futiboli yao, alieneza mpango wa nzito, nyepesi, wastani miaka ya 1970 na bado unatumika. Mwingine unaitwa wa Texas, ulikulia kwenye jimu moja mji wa Wichita Falls, wenyewe unaweka Jumatatu kazi nyingi, Jumatano nyepesi, Ijumaa seti moja ya rekodi.

Kwa kijana wetu Texas ingekuwa hivi: Jumatatu seti 5 za repsi 5 kwa kilo 80, jumla 2,000. Jumatano seti 2 za tano kwa 65, jumla 650, unatoka jimu unahisi hujafanya kitu na ndivyo inavyotakiwa. Ijumaa seti 1 tu ya tano kwa 92.5. Ukijumlisha wiki nzima ni kilo 3,112.5, wakati zamani seti zake 3 mara siku tatu zilikuwa kilo 4,050. Umeona? Wiki imekuwa nyepesi kwa jumla, lakini Jumatatu yake ni nzito kuliko siku yoyote aliyowahi kupiga, na Ijumaa anafika amepona. Bei yake ni kwamba sasa unaongeza kilo 2.5 kwa wiki badala ya 7.5, kwa mtu aliyezoea kupanda kila siku inauma. Na ile Jumatatu ya 5 kwa 5 ni ngumu jamani, sio ya mtu aliyelala masaa matano tu. Kama una kazi ya kutumia mwili au umevuka miaka arobaini, chukua ya Starr badala ya Texas: Jumatatu tano nzito seti 3, Jumatano asilimia 80 ya hizo, Ijumaa asilimia 90, inasamehe zaidi.

Watu wanakimbilia njia hii mapema mno, mtu ana miezi miwili, skwati kilo 60, ameshapakua jedwali la wiki kumi na mbili. Kama bado unaweza kuongeza kila zoezi, hata kwa kilo moja, ongeza kila zoezi. Hicho kipindi hakirudi.

Kuhusu kilo moja hiyo, hapa kuna jambo la vyuma vyetu. Jimu nyingi za mtaani pleti ndogo kabisa ni 2.5, kwa hiyo ukiongeza pande zote mbili ni kilo 5. Kwenye skwati ya 90 hiyo ni karibu asilimia 6, inauma ila inawezekana. Kwenye presi ya kusimama (kusukuma chuma juu ya kichwa) ya kilo 40 ni asilimia 12 na nusu, haiwezekani, na kwa dada anayepiga presi kilo 25 hata ile 2.5 ni asilimia 10. Kwa hiyo presi ikigota kabla ya vyote usikimbilie kubadilisha seti, badilisha hatua. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie vipande viwili vya chuma vya nusu kilo vyenye tundu, vipime kwenye mzani wa duka, tembea navyo kwenye begi. Na pale pleti zinapotengenezwa kwa saruji kwenye vindoo vya rangi, pima zote uandike uzito juu yake, maana unaweza ukawa unadhani umegota kumbe juzi ulipiga kilo 3 zaidi ya unazojua.

Kwa hiyo mazoezi hayafanani na usiyape dawa moja. Presi ya kusimama na benchi zinaipenda tatu tatu, seti 5 na vile vipande vya nusu kilo, zinaweza kwenda mbali sana hivyo. Skwati ya kijana wetu ningeipeleka kwenye seti moja nzito na mbili nyepesi, na Jumatano naifanya nyepesi moja kwa moja, asilimia 80 tu, hilo la Jumatano peke yake limekwamua wengi. Dedilifti ni tofauti kabisa, inakuchosha mgongo kuliko zote na kwa kawaida ni seti 1 tu ya tano, kwa hiyo ikigota usiongeze seti, punguza siku, piga mara moja kwa wiki, na ikibidi shuka mpaka repsi 3.

Kama funga ya Ramadhani iko karibu na wewe unafunga, hakuna njia hata moja kati ya hizi ya kuianza sasa hivi. Mwezi huo weka kilo kwenye asilimia 80 mpaka 85, seti 2 au 3 za tano, siku mbili kwa wiki, baada ya kufuturu na kunywa maji vizuri, unashika ulichonacho. Kugota kwa mwezi huo sio kugota. Baada ya Idi ndo unashusha asilimia 10 na kupanda, na utashangaa inavyorudi haraka.

Mpangilio wangu kwa aliyekwama mara ya kwanza na hajui aanzie wapi: rekebisha mapumziko ya kati ya seti na chakula wiki moja, halafu kushusha mara moja, halafu Jumatano nyepesi pamoja na seti moja nzito na mbili nyepesi. Mwembamba anaruka moja kwa moja kwenye nane nane baada ya hiyo wiki ya kwanza. Kugawa wiki ndo ya mwisho. Kila ukibadilisha, badilisha kitu kimoja na ukipe wiki tatu angalau kabla ya kuhukumu, ukibadilisha repsi, siku na chakula kwa pamoja hutajua kilichokusaidia ni kipi. Andika kila seti, kilo, repsi ulizopata na dakika ulizopumzika, na pembeni andika ulilala masaa mangapi. Wiki tatu zikiisha na seti ya juu haijapanda hata repsi moja, angalia hiyo safu ya usingizi kwanza, ikiwa sawa ndo uhamie njia inayofuata. Maumivu makali ya goti au mgongo yanayobaki hata ukiwa umekaa hayatibiwi kwa kubadilisha seti wala repsi, hayo yapeleke kwa daktari.